Uzi: Siku ya kuwapongeza vijana wa jukwaa, uwanja na mchango. Kombe tumpe nani?

MamaWaMita800 (mwanzilishi wa uzi), Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wadau, hamjambo.

Mimi ni mzazi katika shule moja ya kutwa huku Eastlands, ya serikali, wavulana kwa wasichana. Jina nimeliacha nyumbani kwa makusudi. Wiki jana nilichelewa mkutano wa wazazi, na adhabu ya kuchelewa mnaijua: nilikuta nimeshachaguliwa kwenye kamati. Tuko watano, tunaandaa siku ya kuwapongeza wanafunzi mwishoni mwa muhula huu wa pili.

Siku ya matokeo ya mtihani tunayo tayari, na kila mwaka wanaopanda jukwaani ni walewale kumi na wawili, hata vilemba vya mama zao tumevizoea. Hii ni ya wale wengine. Kundi la shairi lilipita kaunti ndogo likafika mashindano ya mkoa wa Nairobi kwenye tamasha la drama. Netiboli ya wasichana ilitolewa nusu fainali ya kaunti ndogo kwa bao moja, na refa bado anazungumzwa. Kijana wangu, nisijifanye, alifika mkoa kwenye mita 800 akiwa na viatu vya kuazima. Halafu kuna mchango, na huo ndio ulionileta hapa saa hizi badala ya kulala.

Wanafunzi wamechangisha shilingi 87,360 za kununua viti viwili vya magurudumu na magodoro ya kitengo maalum cha shule ya msingi jirani. Mwaka huu tuna madarasa matatu tu, Gredi ya 10, Fom 3 na Fom 4, kwa sababu wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 wanaishia na wa mtaala mpya ndio kwanza wameingia. Fom 4 walileta 52,400. Fom 3 walileta 28,140. Gredi ya 10 walileta 6,820.

Bodi imeshaamua darasa lililoleta nyingi lipewe kombe. Sawa, lakini katika zile 52,400 za Fom 4, elfu arobaini zilitumwa na mzazi mmoja kwa M-Pesa, Jumamosi asubuhi, mara moja, akamaliza. Gredi ya 10 wao waliosha magari Jumamosi nne mfululizo kwenye kituo cha mafuta, shilingi mia kila gari, na wakauza mandazi saa nne. Pesa zao zilikuja kwenye mkebe wa majani ya chai, sarafu tupu, nikazihesabu kwa mikono yangu hadi vidole vikanuka chuma.

Nikauliza kwenye kikao: tunampongeza mwanafunzi au mzazi wake? Mzee mmoja wa bodi akanijibu, "Mama, pesa ni pesa, kiti cha magurudumu hakiulizi kimetoka wapi." Sikuwa na jibu. Hajasema uongo. Lakini usingizi umenikataa.

Ninyi mngefanyaje?

---

MakangaWa58, saa 3:52 usiku

Kombe apewe huyo mzazi wa forty, watoto wapewe soda na keki. Kesi imekwisha, shusha hapo stage 😂

---

Mhasibu_Mstaafu, saa 4:15 usiku

Mama, kabla ya kombe, daftari liko wapi?

Nimefanya kazi ya hesabu miaka 34, kumi yake kwenye chama cha akiba na mikopo. Michango ya watoto ndiyo hufundisha wizi au uaminifu, hakuna ya katikati. Zamani, kabla M-Pesa haijaja 2007, tulizunguka na kadi ya harambee: jina lako, kiasi, sahihi, na anayefuata anaona ulitoa ngapi, basi naye anaona aibu kutoa kidogo. Ilikuwa na ubaya wake, lakini karatasi ilikuwepo. Siku hizi pesa zinaingia kwenye simu ya mwalimu mmoja, na huyo mwalimu ana mkopo wa simu unaomsubiri kwenye laini hiyohiyo. Simshuku mtu. Nasema tu mkopo haujui kwamba hizo ni za viti vya magurudumu.

Ninavyoona mimi, pesa zenu ni za aina mbili. Kuna pesa ya jasho na kuna pesa ya mfuko wa mzazi. Zote zinunue viti, hapo mzee wa bodi yuko sawa kabisa. Ila kwenye hesabu ziandikwe safu mbili tofauti. Ukizitenganisha, Fom 4 wanabaki na 12,400 za jasho, Gredi ya 10 na 6,820, na swali lako linaanza kujijibu. Fom 3 je, zao zilitoka wapi?

---

MamaWaMita800, saa 4:31 usiku

Mhasibu, umenishika. Fom 3 waliandaa ligi ya kandanda ya mtaa, kiingilio shilingi 20 kwa mtazamaji na 500 kwa timu, wikendi tatu. Pale uwanjani Jericho watu walijaa. Kwa hiyo zao karibu zote ni jasho. Sikuwa nimewafikiria hata kidogo, nilikuwa na huruma na Gredi ya 10 peke yao.

Daftari lipo. Linashikwa na binti mmoja wa Gredi ya 10, mweka hazina wao. Mdogo wa mwili, sauti kama mbu, lakini alinikatalia nauli ya boda kutoka kwenye mkebe. Alisema mkebe hauna nauli.

---

Mhasibu_Mstaafu, saa 4:34 usiku

Huyo mpeni benki.

---

KochaWaMtaa, Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Mimi nafundisha voliboli na riadha, na nitasema jambo ambalo halitapendwa. Kwenye mchango sitaki kombe kabisa. Mchango haukuwa shindano, mliugeuza shindano baada ya pesa kuingia. Lakini kwenye michezo, tafadhali, msije na huu ugonjwa wa kila mtu mshindi. Netiboli ilifungwa nusu fainali. Waiteni, wapigieni makofi, semeni ukweli: mlifungwa kwa bao moja. Mkiwapa kombe la uongo wasichana wenyewe watacheka wakifika nyuma ya choo. Mchezaji anajua alama ubaoni kuliko mgeni wa heshima.

Nitakachowapongezea ni mazingira. Shule nyingi za kutwa za Nairobi hazina uwanja. Mnafahamu netiboli ya kufanyia mazoezi kwenye lami ya paredi, ukianguka goti linabaki hapo? Wavu wa voliboli unafungwa kwenye mlingoti wa bendera upande mmoja na dirisha la maabara upande wa pili. Mwanariadha wa mita 800 anakimbia pembeni mwa barabara saa kumi na moja alfajiri kabla matatu hazijaanza kupita juu ya vidole vyake. Huyo anakutana mkoani na mtoto wa shule ya bweni yenye kiwanja cha nyasi, kocha wa kuajiriwa na maziwa jioni. Akimaliza wa nne, mimi ninasimama.

Na msisahau mwanakandanda Victor Wanyama alisoma shule ya Kamukunji, hukuhuku Eastlands. Akaja kuifunga Barcelona akiwa na Celtic 2012. Huyo hakulelewa kwenye nyasi za kukatwa kila Ijumaa.

Mama, kijana anavaa kiatu namba ngapi?

---

MamaWaMita800, saa 1:05 asubuhi

41. Kwa nini?

---

KochaWaMtaa, saa 1:07 asubuhi

Nina spaiki za 42, zimekaa chini ya kitanda tangu niumie goti. Tutaongea.

---

Patch_Mzee, saa 2:48 asubuhi

Uzi mzuri. Sisi pale Nairobi School sherehe yenyewe ilikuwa mechi ya raga dhidi ya Lenana. Ukifunga trai siku hiyo, hukuhitaji cheti, jina lako lilitajwa bweni hadi unamaliza shule.

---

Laibon_wa_Ngong_Road, saa 2:55 asubuhi

Patch_Mzee, sisi wa Lenana tunauliza, hizo trai mlifunga mwaka gani? Nauliza kwa niaba ya historia.

---

Patch_Mzee, saa 2:57 asubuhi

Laibon, nenda ukachezee gololi.

---

MamaWaMita800, saa 3:10 asubuhi

Wazee wangu, huu uzi ni wa watoto. Kapiganieni kwingine, tafadhali.

---

MwalimuWaZamu, saa 7:30 mchana

Naandika nikiwa kwenye chumba cha walimu, chapati iko mkono mmoja.

Nimelea vikundi vya drama na muziki miaka kumi na sita. Watu wanadhani haya mashindano ni mchezo wa juzi. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na la drama 1959, kabla hatujapata uhuru. Yalianza yakiwa ya kizungu sana, kisha tukayachukua tukayatia ngoma zetu, ngonjera zetu, vichekesho vyetu. Leo mtoto wa Kayole anacheza ngoma ya Wagiriama aliyofundishwa na mwalimu Mkamba, na jaji anamsahihisha hatua.

Lakini kila mwaka kwenye kupongeza tunafanya kosa lilelile. Tunamwita mwigizaji mkuu. Yeye ndiye anayeonekana, ndiye ana sauti, ndiye anapewa thamosi. Aliyeshona maleba je? Mwaka mmoja nilikuwa na mvulana, mkimya, hakuwahi kupanda jukwaani hata mara moja. Alienda soko la mitumba la Gikomba na shilingi 800 akarudi na nguo za kukodi za mchezo mzima, za watu kumi na wanane. Usiku wa kuamkia mashindano alikaa akishona vifungo kwa mwanga wa simu. Tulishinda tuzo ya maleba mkoani, nikaitwa mimi nikaipokee. Mimi! Sindano hata siijui. Nilipomtafuta nimkabidhi cheti, alikuwa nyuma ya basi anakunja nguo ili ziwahi kurudishwa kwa mwenyewe. Bado naona haya.

Kwa hiyo Mama, chukua majina ya waliopiga ngoma, waliobeba mapambo ya jukwaa, waliokumbusha maneno pembeni, waliokaa na mikoba ya wenzao. Kwa netiboli, aliyechota maji. Na kila jina lisemwe sawasawa. Mfanye mazoezi ya kuyatamka.

Wazazi wenye wasiwasi kwamba haya yanapoteza muda wa masomo, Gredi ya 10 mwaka huu wana mkondo wa masomo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, wenye hadhi sawa na ile mingine miwili. Na huduma kwa jamii ni somo la lazima kwa wote. Yale tuliyokuwa tunafanya jioni kwa kujificha sasa yako kwenye ratiba. Pesa za kuyafanya hazijaingia kwenye ratiba, lakini hilo nitalililia kwenye uzi wangu mwenyewe.

Na jambo la mwisho kabla kengele haijalia. Lupita Nyong'o alikuwa na miaka 14 alipoigiza Juliet na kundi la maigizo la Phoenix Players hapahapa mjini. Oscar ilikuja 2014. Kuna mtu alimpa nafasi ile ya kwanza, na siku hiyo hapakuwa na zulia jekundu.

---

WakiliMtaani, saa 10:12 jioni

Nitakuwa mfupi maana sijalipwa.

Moja, kuchangisha hadharani kunasimamiwa na sheria, Sura ya 106, Sheria ya Makusanyo ya Umma. Watoto wakiosha magari kwa makubaliano na mwenye kituo, hiyo ni kazi na malipo. Wakisimama kwenye taa za barabarani na mkebe, hapo ni suala tofauti, na pia ni hatari. Msiwatume.

Pili, picha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Kabla ya kubandika nyuso zao Facebook, tumeni fomu nyumbani. Na hii inawahusu zaidi wale watoto wa kitengo maalum mtakaowapelekea viti.

---

BintiKariobangi, saa 10:40 jioni

Wakili amegusa kidonda changu. Nilisoma Kariobangi, na darasa letu lilipokea msaada mara nyingi, kwa hiyo nitawaambia inavyokuwa ukiwa upande wa kupokea. Unapangwa mstari. Unaambiwa tabasamu. Mgeni anashika upande mmoja wa pakiti, wewe unashika mwingine, mnangoja kamera, na hairuhusiwi kuachia mpaka mpiga picha aseme. Mimi nilipigwa picha na sodo. Nikiwa na miaka 13. Mbele ya wavulana. Ile picha ilikaa kwenye ubao wa matangazo muhula mzima.

Hata hizo sodo, Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa 2017 serikali izitoe bure kwa kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma. Ilikuwa haki yangu, na nilishukuru kwa kuinama.

Kwa hivyo naomba sana, siku yenu ya kupongeza msiwalete wale watoto wa kitengo maalum wakae mbele kama maonyesho. Viti vipelekwe siku nyingine, kimya, na wanafunzi wachache wanaojua kuvifungua na kuvikunja. Na waulizwe kwanza walimu wao: ni viti vya kimo gani? Kiti cha mtu mzima kwa mtoto wa miaka minane kinamkunja mgongo.

---

MamaWaMita800, saa 11:02 jioni

Binti, pole sana. Nimesoma mara mbili. Tulikuwa kweli tumepanga kuwaleta wakae mbele, hata nguo tulikuwa tumezungumzia. Nimeshapiga simu, imefutwa. Na swali la kimo hatukuwa tumeliuliza. Tulikuwa tunanunua viwili vya saizi moja dukani mjini.

---

DhahabuYaRais, saa 2:20 usiku

Mimi nilipitia Tuzo ya Rais nikiwa shule, hadi Dhahabu. Kwa wasioijua, ilianza Kenya 1966, ni ya vijana wa miaka 14 hadi 24, ina Shaba, Fedha na Dhahabu. Unachagua huduma kwa jamii, ujuzi, mazoezi ya mwili, na mnafanya safari ya miguu mkibeba chakula chenu. Uzuri wake ni kwamba hakuna nambari moja. Hushindani na mtu. Unaweka lengo lako, unafanya wiki baada ya wiki, mtu mzima anatia sahihi kwamba kweli ulikuja. Mimi huduma yangu ilikuwa kusomea wazee magazeti kila Jumamosi kwa miezi mingi. Hapakuwa na siku hata moja ya kusisimua. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetaka kurasa za matangazo ya vifo pekee.

Mama, Jumamosi nne za kuosha magari unaweza kuzipongeza hivyo. Usiseme "walileta 6,820." Sema nani alikuja Jumamosi zote nne.

---

KochaWaMtaa, saa 2:33 usiku

Hapo sasa. Hiyo ndiyo lugha ya mazoezi. Daftari la mahudhurio.

---

MakangaWa58, saa 2:41 usiku

Nimekuja na mzaha nikakaa. Mimi shuleni nilishinda mita 1500 nikapewa beseni la plastiki, la kijani. Mathe alifulia nguo ndani yake miaka kumi na moja. Lilipopasuka alilishona na waya. Cheti sijui kiko wapi, lakini beseni nalikumbuka. Wapeni kitu kinachotumika.

---

fom3_msee, Jumatano, saa 1:15 usiku

Sasa. Mimi ni wa Fom 3, sio hiyo shule ya mama, nyingine, lakini ni huku huku. Sijui kama wanafunzi wanaruhusiwa hapa.

Mnaongea kutuhusu vizuri, shukrani, ila hakuna mtu ameuliza sisi tunataka nini, so nitasema. Hatutaki kusimama kwa jua masaa matatu tukisikiza speech. Mgeni wa heshima anakuja late, anaanza kuongea vile yeye alitembea kilomita kumi bila viatu kwenda shule, tunapigwa na njaa, halafu vyeti vinapeanwa haraka haraka kwa sababu gari lake linangoja. Cheti chenyewe jina limeandikwa vibaya. Langu liliandikwa la msichana.

Mimi niko kwa shairi ya kikundi. Tulienda mpaka mkoa. Tulifanya mazoezi kutoka January, tukashout mpaka sauti zikaisha. Mathe huuza mboga, mashindano ilikuwa Jumatano asubuhi upande ule mwingine wa Nairobi. Hajawahi kuniona nikifanya. Hata mara moja. Anajua tu nilikuwa narudi late na akanigombanisha sana.

Sitaki cheti. Nataka tuifanye tena, yote, na maleba, na yeye akiwa amekaa hapo.

---

MwalimuWaZamu, saa 1:29 usiku

Kijana, unaruhusiwa. (Na "kunigombeza", sio "kunigombanisha". Nisamehe, ni kazi.)

Umesema kitu ambacho mimi na miaka yangu kumi na sita sikukiona. Shairi la dakika saba, miezi mitatu ya mazoezi, halafu linaonwa na majaji watatu na ukumbi wa wapinzani. Mkitolewa, limekufa hapohapo.

---

MamaWaMita800, saa 2:50 usiku

fom3_msee, mtoto wangu, nimefuta programu yote na kuanza upya. Nasoma hapa mnikosoe.

Siku ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nimeomba ihamishwe Jumapili kuanzia saa nane mchana, maana wauza mboga, mafundi na walinzi wa usiku Ijumaa asubuhi hawaji, na hao ndio wazazi wetu. Mgeni wa heshima dakika tano, na binti wa daftari ndiye atakayeshika kengele. Shairi lifanywe lote. Netiboli wacheze robo moja na walimu wa kike (walimu wameshaanza kutafuta visingizio). Majina yote ya nyuma ya jukwaa. Mchango usomwe kwa kazi: nani alikuja Jumamosi zote, nani alipanga ligi, nani alikaanga mandazi. Mzazi wa elfu arobaini nilimpigia kumuuliza atajwe vipi, akashtuka, akasema "Kwani mlitaka kunitaja? Bora nisingetuma." Ataandikiwa barua.

Zawadi: vitabu vya kuandikia, seti za jiometri, na kwa ushauri wa MakangaWa58, mabeseni.

Kilichobaki ni kombe. Mzee ameshalinunua kwa pesa yake mwenyewe, na limeandikwa DARASA BORA LA MCHANGO. Sijui nitamwambiaje.

---

Mhasibu_Mstaafu, saa 3:05 usiku

Mwambie bodi iwape madarasa yote matatu, kila moja likae nalo mwezi. Asipokubali, umefanya lako. Na chakula?

---

MamaWaMita800, saa 3:08 usiku

Chai na mkate. Wali ulifika elfu thelathini na kitu, tukauacha.

---

Laibon_wa_Ngong_Road, saa 3:20 usiku

Nina rafiki mwenye spika na maikrofoni mbili, atakuja bure akilipiwa mafuta. Mafuta nalipa mimi. Patch_Mzee ukitaka kuchangia nusu, uwanja uko wazi.

---

Patch_Mzee, saa 3:24 usiku

Nalipa yote. Kaa na nusu yako ununue gololi.

---

MamaWaMita800, Jumatatu, wiki mbili baadaye, saa 3:15 usiku

Niliwaahidi nitarudi. Nimechoka hadi mifupa lakini niandike kabla sijasahau.

Watu walikuja kuliko tulivyotarajia, viti vikaisha, wengine wakakalia matofali. Spika zilifika zikiwa na vumbi la harusi. Mgeni wa heshima alipigiwa kengele kwenye dakika ya tano akiwa katikati ya sentensi kuhusu kutembea bila viatu. Alicheka, akakaa. Walimu walifungwa netiboli 9 kwa 2 na mmoja amejitegua kidole.

Shairi. Mnajua, nilidhani nimeshalisikia kwa sababu mwanangu hulikariri bafuni, na yeye hata hayumo kwenye kundi. Sikuwa nimelisikia. Kulikuwa na mama mmoja nyuma yangu, aproni bado kiunoni, aliyekuwa anasema kila mstari kwa midomo bila sauti. Kumbe naye alikuwa amelisikia kupitia ukuta wa mabati miezi mitatu, akidhani ni kelele.

Aliyeshona maleba alipoitwa hakutoka, wenzake walimsukuma. Wa Jumamosi nne walikuwa kumi na mmoja. Nilidhani watakuwa ishirini. Spaiki za Kocha zimemtosha kijana kwa soksi mbili, na amezilalia usiku, sisemi mchezo, nimezikuta chini ya mto.

Viti vya magurudumu vilipelekwa Alhamisi iliyotangulia, kimoja kidogo na kimoja cha kati, na wanafunzi wanne na mwalimu mmoja. Hakuna picha.

Kombe bado liko kwenye buti la gari la mzee, na hajanisalimia tangu jana.

Ilipofika hesabu, mshereheshaji alisoma kwa sauti: shilingi elfu themanini na saba, mia tatu na sitini. Makofi. Yule binti wa daftari akainua mkono. Mshereheshaji hakumwona, akaendelea. Akainua tena, kisha akasimama, na kwa ile sauti yake ya mbu akasema kwamba ni elfu themanini na saba na mia nne. Kuna mtu wa boda alioshewa pikipiki kwa deni, na amelipa arobaini leo asubuhi getini.

Mshereheshaji akasoma upya.